Mlango Uliokuwa Chini ya Plasta

Kiwandani walimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusema mdomo wake haukujua kituo. Alisokota nyuzi tangu usichana, na mdogo wake alisokota kwenye mashine ya jirani, karibu na mlango wa nyuma. Siku moto ulipozuka, Cherehani alikuwa getini akipokea mzigo. Alipona. Mdogo wake hakutoka.

Msimamizi aliwaambia wafiwa kwamba binti alishafika nje, kisha akarudi ndani kufuata viatu vyake vipya. Neno likasambaa mji mzima. Watu wakawa wanaonya watoto wao, "Usiwe kama yule wa viatu." Mama yao akaona aibu, akakataza jina la marehemu lisitajwe nyumbani. Cherehani naye alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Mtu afe kwa ajili ya viatu!

Kiwanda kikafungwa, popo wakahamia. Cherehani akawa bibi wa wajukuu. Ndipo jengo likaanza kukarabatiwa liwe chuo cha ushonaji, na mkwewe, fundi mwashi, akapata kazi ya kukwangua kuta. Mchana mmoja akamfuata nyumbani.

"Shikamoo mama. Twende kiwandani, kuna kitu sikielewi."

"Marahaba. Kama ni popo, baba, hao nawajua kwa sura."

Alitania njia nzima. Walipoingia ukumbi wa mashine, maneno yakamkauka. Plasta ilikuwa imebanduliwa, na ukutani kulikuwa na fremu ya mlango, bawaba zimeota kutu. Katikati yake yalijaa matofali ya aina nyingine, yamepangwa ovyo ovyo, meusi tititi kwa masizi.

"Mlango huu ulizibwa lini?" mkwe akauliza.

"Mlango wa nyuma? Haukuzibwa! Wiki ile ya moto walitundika turubai tu. Walituambia wanatengeneza kitasa."

"Mama, masizi yameshika tofali lenyewe. Plasta imekuja juu yake. Moto ulikuta ukuta hapa."

Akaketi vumbini puu. Mdogo wake alikimbilia mlango alioujua, akaugonga ukuta. Na wao, ndugu zake wa damu, walimlaumu kwa viatu.

Alirudi nyumbani hajui alivyofika. Mama yao, bikizee aliyeona kwa shida na kusikia kwa shida zaidi, alikuwa kitandani. Cherehani akamwinamia sikioni.

"Mama, hakurudia viatu. Hakutoka kabisa. Walimzibia mlango."

"Hakurudi?"

"Hakurudi, mama."

Bikizee akakodoa macho darini. Halafu akaliita jina la mwanawe kwa sauti kubwa, kama anayemwita aje kula, akaliita tena na tena mpaka majirani wakajaa mlangoni.

Kesho yake mkuu wa ujenzi alitaka ukuta upakwe plasta upesi. Wageni wa ufunguzi walikuwa njiani. Cherehani akauegemea kwa mgongo. "Mkipaka, nipakeni na mimi humu humu."

Hawakupaka. Mkwewe alishika nyundo akayabomoa matofali yale, mwanga ukaingia. Wa kuulizwa hakuwepo: msimamizi alishakufa zamani, kwa uzee, kitandani pake, na mazishi yake Cherehani mwenyewe alihudhuria.

Sasa wanafunzi wanapita mlango huo wakicheka. Cherehani huwafundisha kutia uzi mashineni, na bado kuna siku huutazama uwazi ule, sindano ikamganda mkononi.