Hadithi Haikatizwi

Kwetu Nyarero hadithi haikatizwi. Ukimuuliza bibi swali kabla hajamaliza, alinyamaza, akavuta ungo wake na kuanza kupepeta ulezi, na usiku huo mlilala bila kujua fisi aliishia wapi. Basi nilijifunza kusikiliza mpaka mwisho, na nilijivunia sana jambo hilo.

Darasa la saba nilikaa dawati moja na binti wa fundi cherehani, wa familia ya Waislamu waliohamia kijijini kutoka Tarime mjini. Kwao waliongea Kiswahili hata na kuku. Mimi Kiswahili nilikivaa asubuhi pamoja na kaptura ya shule. Kila zoezi la ufahamu yeye alimaliza kwanza, akaweka kalamu chini taratibu na kutazama dirishani. Nilimchukia kwa hilo. Nilichukia hata shingo yake.

Mtihani wa kwenda sekondari ulipokaribia, aliniinamia akasema, "Wewe anza na maswali, ndipo usome habari. Ukisoma yote kwanza, muda utakuishia."

Nilimwona mjanja. Mwalimu alishatuambia kwamba shule yetu ikibahatika itatoa mtu mmoja, na mimi sikuwa mjinga wa kufundishwa na mtu anayetaka nafasi hiyo hiyo. Tena kuuliza kabla ya kusikia, huo si utovu wa adabu?

Siku ya mtihani habari ilikuwa ndefu, ya kijiji kilichochimba kisima. Niliisoma yote. Nikairudia, maana nusu yake niliigeuza Kikurya kichwani. Pembeni nilimwona akisoma maswali, akipanda juu, akishuka, akiandika. Badala ya kusoma nikawa namtazama yeye. Rimu ya lori, kengele ya shule yetu, ikagongwa, msimamizi akasema, "Kalamu chini," na maswali yangu mengi yalikuwa bado meupe.

Aliyechaguliwa alikuwa yeye.

Alikuja kwetu kuaga, lori la kijiji likimsubiri barabarani.

"Shikamoo, mama," akasema, akaketi kwenye kigoda.

"Marahaba, mwanangu." Mama akaanza kumbariki kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: akaanzia kwa babu waliofungua mashamba yale, akapita kwenye njaa, akapita kwenye ng'ombe walioibwa. Dereva akapiga honi. Nikaona mama ananiaibisha.

"Mama, fupisha! Gari linaondoka."

Mama akanigeukia. "Mura, kijana wangu, mgeni ametulia. Wewe wa nyumbani una haraka ya nini?"

Honi ikalia tena. Binti yule hakugeuza hata kichwa. Alikaa, mikono mapajani, akaitikia kila panapoitikiwa, mpaka mama alipomtemea mate ya baraka na kunyamaza mwenyewe. Ndipo akainuka.

Wivu ukanipanda upya, mkali kuliko wa mtihani. Hata kusikiliza mpaka mwisho, kitu pekee nilichokuwa nacho, alinishinda.