Kiande Kilichoangukia Kiatu cha Mzee

Wacheni niwaambie mwenyewe kabla msikie kwa rafiki yangu Karis, juu Karis huongeza chumvi: ndio, ni mimi nilitema nyama ya kiande mbele ya wakwe huko Witeithie, kikaangukia kiatu ya mzee, na video iko. Sikatai. Aibu nilikuwa nayo nilimalizia hapo hapo, sina ingine ya kuwapea.

Kwanza mjue shida yangu. Mwaka mzima chakula ilikuwa inapita kooni poa, halafu inasimama hapa katikati ya kifua, kwa kifungo cha pili cha shati, inangoja tu kama mtu amefika geti akapata askari amelala. Ugali inasimama, mkate inasimama, siku zingine hata maji. Nikajitengenezea dawa: napiga maji nusu chupa, nasimama wima, nanyoosha mikono juu, naruka mara mbili tatu, askari anaamka, kitu inashuka. Nikilala nakohoa, asubuhi napata mchele wa jana kwa mto. Nikakonda mpaka suruali nafunga na kamba ya kiatu (nauza viatu vya mitumba hapo Mwihoko, kamba ni ya bure). Mtu wa chemist akasema ni acid, nikatafuna tembe mpaka mdomo ikawa chaki. Tata, shangazi yangu, akasema nimerogwa. Karis, beshte yangu, akasema ni mapenzi.

Mapenzi ilikuwa kweli. Nyambura. Siku ya ngurario, ile siku mnakata kiande, bega la mbuzi, mnalishana mbele ya wazee na kutoka hapo huyo ni bibi yako, nilikuwa nimebeba chupa yangu ya lita moja. Tukishuka kwa gari Karis akaiangalia.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kushukisha."

"Buda, utaingia kwa wakwe na chupa kama mtu wa wodi? Watasema wanapea msichana mgonjwa."

Nikaiacha kwa gari. Hapo ndio nilijimaliza.

Kwa sababu kulikuwa na Mzee Gatheru, kaka mkubwa wa baba Nyambura, ndiye alikuwa anaongea kwa niaba yao, na tangu asubuhi alikuwa ananiangalia kama ng'ombe ya mnada imeonyesha mbavu. "Huyu kijana mbona amekonda hivi? Hana ugonjwa?" Msemaji wetu akasema ni kazi mingi. Mimi nikacheka kama mtu mzima wa afya.

Tukakata kiande. Nikamlisha Nyambura, akatafuna, akameza, wamama wakapiga ngemi, vigelegele tupu. Zamu yake akanikatia kipande kama sabuni ya kufua (ananipenda, hiyo ndio shida). Nikatafuna mpaka nyama ikachoka. Nikameza. Ikasimama.

Naangalia maji, hakuna. Soda ziko mbali kwa wazee. Mate yanajaa, hata hayo hayashuki. Sasa nifanyeje? Nikasimama, mikono juu, nikaruka. Wamama wakadhani ni furaha. DJ akaachilia ngoma ya mugithi. Cucu ya Nyambura, yaani nyanyake, akatupa kibeti, akanyoosha mikono pia, hema nzima ikaanza kuruka style yangu, na mimi hapo katikati nikitokwa na jasho na mate kama mbwa ya jirani. Mruko wa nne nyama ikaamua yenyewe: juu. Ikatua kwa kiatu ya Mzee Gatheru.

Muziki ikazimwa.

"Ametapika kiande," mzee akasema pole pole. "Huyu amekataa mtoto wetu."

Karis alikuwa anatafuta simu iko mkononi mwake. Nyambura ananiangalia mimi. Ningesema nyama ni ngumu, ningesema ni homa. Nikaona hapana, leo siendi nyumbani bila huyu juu ya uongo.

"Mzee, na heshima, sijatapika. Matapishi hutoka tumboni. Hii haijawahi fika huko. Iangalie." (Mimi huyo, na darasa la nane yangu.)

Cucu akainama, akageuza nyama na ncha ya bakora. "Ni ukweli. Iko vile ilitafunwa. Hata harufu ya tumbo haina."

"Basi hajakula," mzee akasema.

"Sijakula, lakini sijakataa. Nilikuwa najaribu, hata mmenisaidia kuruka. Mimi ni mgonjwa wa koo, mwaka mzima, nimewaficha. Kama hamtaki mgonjwa semeni sasa. Lakini mkisema nimekataa Nyambura, hiyo tutabishana mpaka kesho."

Nyambura ndiye aliongea, yeye amezoea kuniona na chupa tukikula.

"Chupa yako iko wapi?"

"Kwa gari."

"Mjinga wewe." Lakini alikuwa anaangalia Karis, kama anajua ni nani aliniambia niiache.

Wazee wakaenda nyuma ya tangi ya maji, wakarudi na neno: kiande hakijaliwa na hakijakataliwa. Niende hospitali, nirudi na mbuzi mwingine. Mpaka hapo msichana anabaki kwao.

Nikaenda Thika. Nikanyweshwa kitu nyeupe kama uji wa chaki nikipigwa picha, na kwa picha koo imefura kama mfuko, huko chini imechongoka kama mdomo wa ndege. Wakashukisha kamera waone kama kuna uvimbe, haukuwa. Daktari akasema ule mlango wa kuingia tumboni umekataa kulegea, neva zake zimekufa, na mara mingi hakuna mtu anajua kwa nini. Si acid. Nikamuuliza, na kurogwa? Akasema si kurogwa. Nikamwambia aniandikie hiyo, nipelekee tata. Wakaupanua na kibaluni, akanionya unaweza kaza tena siku moja.

Tukarudi Witeithie. Hema ile ile. Chupa yangu nikaiweka kwa meza ya kiande, kando ya kisu, kila mtu aione. Nyambura akakata kipande kama kucha. Nikatafuna, nikapiga maji. Ikashuka. Ngemi.

Mzee Gatheru alikuwa amekaa mbali, amevaa gambuti. Baadaye akanisongea, akaongea chini chini.

"Hiyo hospitali, wanaangalia hata wazee? Chapati imeanza kunisimamia hapa." Akagusa kifungo cha pili.

Nikamwekea chupa mkononi. "Jumatatu nakupitia, mzee. Na usiiache kwa gari."