Meno Yapite, Fundi Abaki

Fundi wa meno ya bandia alikuwa mwanamke asiyejua kuinyamazia kazi yake. Ukikaa naye dakika tano tu, atakuambia meno yako ya mbele yana kiburi. Kwa miaka kumi na tisa alivuka daraja kila Alhamisi na mkoba wake wa tupa na nta, akawatia watu wa mji wa ng'ambo meno, akarudi jioni. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana nchi zote mbili zilikuwa katika umoja mmoja wa kiuchumi.

Kisha wakubwa wa nchi yake wakajitoa kwenye umoja. Biashara itaendelea kama kawaida, walisema redioni. Fundi aliamini, maskini.

Alhamisi hiyo alikuwa amebeba meno ya shangazi yake wa ng'ambo, yule aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ya zamani yalikuwa yamevunjika, na kesho yake mjukuu wa shangazi alikuwa anaolewa. Shangazi ameapa bila meno haendi harusini, na akishasema hapana, hata jeshi halimbandui.

Pale darajani fundi alipewa fomu: sababu ya safari. Mwenye akili timamu angeandika "harusi". Yeye, kwa kujivunia ufundi wake, akaandika kwa herufi kubwa: KUTIA MENO.

"Mama, hapo umejichongea," afisa wa mpaka alisema. "Meno ni bidhaa, yapite. Kuyatia mdomoni ni huduma, na leseni yako huko haitambuliki tena."

"Sasa nani atayatia?"

"Hilo halimo kwenye mkataba."

"Basi futa, niandike harusi."

"Imeshaingia kwenye kompyuta."

Meno yakagongewa muhuri, yakavuka mikononi mwa mlinzi wa daraja mpaka kwa shangazi. Saa moja baadaye shangazi akatokea upande wa pili, amefura kwa hasira, meno yakimcheza mdomoni. Yalitaka kukwanguliwa kidogo tu, upande wa kushoto. Kuvuka hawezi: pasipoti hana, siku zote kitambulisho kilimtosha.

Shangazi hakubishana na mtu. Aliinama juu ya kizuizi, kiwiliwili kwao, kichwa huku, akapanua kinywa.

"Shikamoo shangazi," fundi alisema, akatoa tupa.

Afisa alikuja mbio. "Kichwa kimeingia nchini bila pasipoti!"

"Kinywa kiko upande gani?" fundi aliuliza huku akikwangua.

Afisa alichuchumaa, akapima kwa macho. "Huku kwetu."

"Na huku leseni yangu inatambulika. Sogea, unanizibia mwanga."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dereva mmoja wa lori alishuka kushika mkoba. Afisa alitokwa na jasho, kwa kuwa kila tukio la mpakani sharti liingie daftarini, na hili halikuwa na mahali pake.

"Niandike nini mimi?" alilalama. "Bidhaa si bidhaa, mgeni si mgeni!"

Shangazi aliuma mara mbili, meno yakatulia. Wiki tatu nzima alikuwa hajatamka neno likaeleweka. Badala ya kurudisha kichwa kwao, alimvuta fundi, akambusu shavuni.

"Andika," alimwambia afisa, kila neno likitoka safi, "shangazi amekuja kumsalimia mwanawe."

Afisa akaandika hivyo hivyo. Fundi alitaka kumwambia shangazi asitafunie upande wa kushoto mpaka kesho, lakini machozi yalimtangulia.