Pijo Inayovuta Hewa

Kaka yangu Mwinjuma alikuwa na masikio, jamani. Nasema alikuwa. Pale gereji ya Chang'ombe gari likitetemeka na kutaka kuzima kila likisimama, mafundi wengine walifungua hiki na kile mpaka linabaki mifupa. Yeye alichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ya pili akaipitisha taratibu kwenye injini, halafu akasema, "Linavuta hewa hapa." Na ni hapo hapo. Mie nilikuwa nauza chakula uani, niliona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Ila wagonga bodi, wale wanaonyoosha mabati ya magari, walipiga nyundo kando ya masikio yake kutwa kucha, miaka na miaka. Kilichoanza kumpotea ni ule mluzi mwembamba wa hewa. Ikafuata adhana. Halafu mie, nikimwita kula.

"Kaka, twende hospitali," nikamwambia.

Akanijia juu. "Mwamvita, ukifungua mdomo wako hapa gereji, mie na wewe basi!"

Nikaificha siri yake, roho inaniuma. Fundi kiziwi nani atampa gari? Akawa anasoma midomo ya watu. Mtu akimsemesha kisogoni, mie nadakia, namgusa bega: "Kaka, unaulizwa!" Wenzake wakanicheka, eti dada mtu ana kiherehere. Wacheke, kwani walikuwa wananilisha?

Ndipo akaja Mzee Mbwana. Mwaka ule magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yanamiminika, na mzee huyu alikuwa anafungua gereji kubwa Barabara ya Pugu, kule Gongo la Mboto, yenye paa na sakafu ya saruji. Alitaka fundi mkuu wa mshahara wa kila mwezi. Sie tulikuwa tunaishi leo umepata, kesho umelala na njaa, na wifi yangu Naima alikuwa na mimba kubwa.

"Nasikia wewe ndiye mwenye masikio," Mzee Mbwana akamwambia kaka, uso kwa uso, bahati yetu. "Hii Pijo yangu imewashinda wote. Ukiiponya leo, kazi ni yako."

Nikaacha mwiko, nikasogea karibu.

Albano, dereva wa mzee, akawasha. Gari likatetemeka lote mpaka vioo. Mwinjuma akachukua mpira, akauweka sikioni, akauzungusha huku na huku, anaitikia kwa kichwa kama anayesikia. Nilijua anaigiza. Nilitamani kulia. Lakini kaka yangu si mjinga! Akaniomba maji ya sabuni, akachovya brashi, akawa anapaka povu kila kiungo. Kila mahali povu likabaki limekaa. Chini ya kabureta, pale ilipofungwa kwenye injini, povu likanywewa likaisha. Akapaka tena, likanywewa tena. Akanikonyeza.

Akamwashiria Albano azime. Akafungua kabureta, akakuta gasketi, ile ya kuzuia hewa isipenye, imekauka na kupasuka, akachonga nyingine kwa nyundo juu ya karatasi ngumu, akafunga. Albano akawasha. Loo, gari likatulia! Kaka akakaza skrubu, kidogo, tena kidogo, mkono wake mwingine umelala juu ya injini, mpaka mngurumo ukawa mnong'ono tu.

Mzee Mbwana akafunga boneti kwa mkono wake, anacheka. "Huyu ndiye fundi bwana!" Mafundi wakasogea, hata wagonga bodi wakaweka nyundo chini waje wasikilize. Nikapiga kigelegele. Sikuweza kujizuia, nikakipiga mpaka koo likaniwasha.

Mwinjuma alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, ametupa kisogo. Aligeuka anajifuta, akawaona watu wote wamesimama kimya wanaliangalia gari. Uso ukambadilika. Mungu wangu, nikaelewa anachofikiri: anafikiri limezima. Nikaacha sufuria nikamkimbilia, lakini alishanyoosha kidole kwa Albano.

"Piga stata!"

Albano alizoea kutii mafundi. Akapiga stata na injini inatembea. Meno ya chuma yakasagana, yakapiga ukelele tukaziba masikio sote, kuku wa jirani wakatawanyika. Mwinjuma alisimama palepale. Hata kope haikumcheza.

Mzee Mbwana akaacha kucheka. Hakumtazama kaka. Alinitazama mie, muda mrefu, na mie nikainamisha macho.

"Piga tena, usiogope," kaka yangu alikuwa anamwambia Albano, anatabasamu. "Safari hii litawaka."