Doti ya Bibi Iliyobaki Mlandege

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya vidole vya mama. Tangu kusahau kumzidi, mchana kutwa havitulii: vinavuta shuka, vinakunja ncha ya gauni, vinakunjua, vinakunja tena, huku mdomo ukiuliza swali lile lile. Nguo ya mama iko wapi? Ile ya korosho. Mtu ambaye hajauguza mgonjwa wa namna hiyo atakwambia mpe nguo yoyote atulie. Mimi pia nilisema hivyo, maana nguo ninazo.

Wenzangu wakistaafu wanafuga kuku. Mimi nakusanya khanga na vitenge vya zamani, nafua, napiga pasi, na zilizochakaa nazikata vipande na kuviunga kuwa blanketi la viraka. Mume wangu ananiita jalala la Mwanjelwa, na ana haki, kwa sababu masanduku yangu yameshamfukuza kabatini. Basi nikayafungua yote. Nikamshonea mama blanketi zima la michoro ya korosho, nyekundu kwa nyeusi kwa njano. Akalipapasa lote, akalisukuma likaanguka sakafuni. "Siyo hii," akasema, akaanza kulia. Niliudhika kweli, halafu nikaona aibu kumwudhikia mama yangu mgonjwa.

Nguo za bibi zilibaki Iringa, Mlandege, kwa mama mdogo Yustina. Tatizo ni kwamba mama na mdogo wake hawajatembeleana tangu msiba wa bibi. Utotoni nikiuliza kwa nini hatuendi Iringa, naambiwa kule kuna baridi. Na sisi tunaishi Mbeya! Nikakua, nikaacha kuuliza.

Asubuhi nilimwacha mama na binti yangu Neema, nikapanda basi stendi ya Nane Nane. Mimi kukaa tu siwezi. Hatujafika Uyole nilikuwa nimeanza kuchomoa nyuzi kwenye kitambaa cha kiti, jirani yangu ananitazama kwa jicho la pembeni. Igurusi ikapita, Chimala na wauza mchele wake ikapita. Tulipokaribia Igawa nikajua naogopa kufika. Ningeanzaje kubisha hodi kwa mtu tuliyemsusa miaka yote hiyo? Nikamwambia konda anishushe.

Ubaruku, ndani kidogo kutoka barabara kuu, ilikuwa kisingizio. Mchuuzi mmoja wa nguo aliwahi kunidokeza kwamba kule kuna mama wa Kisukuma mwenye khanga za zamani, na mimi nikajipa moyo kwamba labda korosho ya mama ningeipatia huko, Mlandege nisiende kabisa. Nikachukua bodaboda katikati ya mashamba ya mpunga, vumbi la pumba kutoka mashine za kukoboa likitujaa machoni.

Mama Masanja, ndivyo anavyoitwa, alikuja bonde la Usangu na mumewe wakifuata malisho ya ng'ombe. Alinipa maziwa mgando, akanikunjulia khanga yake ya korosho, nyekundu iliyokolea, na mkono wangu ukaikimbilia wenyewe. Akaniuliza naitakia nini. Nikamweleza habari za mama. Akauliza kama mama ana ndugu aliye hai, nikasema yupo mdogo wake, Iringa. Hapo akaikunja ile khanga taratibu.

"Hii ni ya mama yangu mimi," alisema. "Huyo wako anatafuta ya kwao. Nenda kwa ndugu yake."

Niliondoka nimenuna. Ukiambiwa ukweli unaoujua unauma mara mbili.

Nikarudi barabara kuu nikapanda basi jingine, na Makambako upepo ulinipiga nikajuta kuacha koti. Kuanzia Mafinga ni misonobari na malori ya mbao, na mimi nimekaa na maneno kichwani, nayapanga, nayapangua. Jua lilikuwa linainama nilipofika Mlandege. Mama mdogo alikuwa kibarazani anachambua maharage, mdogo wa umbo, sweta limefungwa mpaka shingoni. Nilimsalimia kwa Kihehe changu cha kuokoteza, "Kamwene, mama." Akanitazama usoni muda mrefu, ungo ukainama, maharage yakamwagika.

"Umekuja kuniambia dada amekufa."

Nikamwambia hapana, mzima, ila anasahau. Alinipikia ugali na mboga ya maboga, akanisimamia mpaka nikamaliza, ndipo akaniruhusu nieleze. Nilipotaja korosho aliinuka akaingia chumbani.

Jamani, mimi nimeshika nguo nyingi za zamani, lakini ile ilinitoa jasho. Doti nzima, nyekundu, haijaona maji, bado ngumu kwa wanga wa dukani. Vipande viwili vilikuwa bado vimeungana, ncha hazijapindwa. Mkusanyaji anaweza kutafuta kitu kama hicho maisha yake yote asikione.

Mama mdogo akanisimulia: bibi aliinunua aivae Krismasi, akafa kabla. Kwake doti mpya ilikuwa kazi ya mabinti wawili: huyu anashika huku, yule kule, wanaivuta ikanyooka, inakatwa katikati, kisha kila mmoja anapinda ncha zake kwa mkono. Siku ya kugawa nguo za marehemu, mama akadai aichukue nzima, yeye ndiye mkubwa. Mdogo wake akasema tuikate kama siku zote. Walivutana mbele ya shangazi zao, hakuna aliyelegeza, na mama akarudi Mbeya bila kuaga.

Nikamwuliza mbona hakuikata baadaye akaivaa.

"Nani angenishikia?"

Nikajitolea kushika mimi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Nikaomba basi niichukue nimpelekee mama, akakataa katakata: haitoki bila yeye. Asubuhi nilimkuta kibarazani amevaa viatu vya kanisani, mfuko miguuni, anauliza mbona nachelewa.

Njia ya kurudi, asiyetulia alikuwa yeye. Doti aliipakata, hakutaka hata niiguse. Kila stendi anauliza kama tumefika, na katikati ananisomea atakayomwambia dada yake: ubinafsi wake, kiburi chake, barua asizojibu. Nilimwacha aseme.

Mama alikuwa kitandani, vidole vinakunja ncha ya shuka. Akainua macho. "Karibu, mgeni," akasema.

Maneno yote ya njiani yakamwishia mama mdogo. Mimi niliumia, nikageukia dirishani. Yeye aliikunjua doti, akamwekea dada yake ncha moja viganjani, akarudi nyuma na nyingine. Vidole vya mama vikashika. Vikavuta. Nguo ikanyooka juu ya kitanda, na mama mdogo akaomba mkasi, akakata.

"Yusta," mama akasema, "unakata upogo. Siku zote unakata upogo."

"Ndiyo, dada."

"Lete sindano."

Sitadanganya kwamba alipona. Mama mdogo amebaki nasi, na asubuhi nyingine anakaribishwa kama mgeni, na lile swali linarudi: nguo ya mama iko wapi? Mama mdogo anajibu, hii hapa, hatujamaliza kupinda. Basi mama anaomba sindano, anakaa mpaka chakula cha mchana, na vidole vinajua pa kwenda.

Nilijiuliza kazi gani hiyo isiyokwisha, maana pindo la khanga si refu. Juzi, Neema alipokuwa anamwogesha mama, niliingia chumbani nikamkuta mama mdogo anafumua pindo la jana, uzi baada ya uzi. Hakuficha.

"Ikiisha hii," alisema, "kesho atashika nini?"

Niliitazama ile doti. Ncha zimeanza kuchakaa kwa matundu ya sindano, wanga umelegea, jasho la mikono limeingia kwenye nyekundu. Nina masanduku ya nguo, nimezikinga na jua, maji na panya, na hakuna hata moja iliyomtuliza mtu. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Iringa. Nami kufumua ndiyo kazi ninayoichukia kuliko zote. Nikachukua sindano, nikakaa kando yake, tukafumua haraka haraka kabla mama hajatoka bafuni.