Mgeni Ambaye Mbwa Wetu Hakumbwekea

Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi ni mwanamke mzima, nimezika mume na watoto wawili, sina haja ya kupamba uongo. Haya yalinifika mwenyewe, miaka ya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, tulipokuwa tukichunga upande wa Modogashe.

Mume wangu alikuwa amekimbia msako wa askari. Bomani tulibaki mimi, mama mkwe wangu, mbuzi, kondoo wachache, na mbwa wetu Shabeel. Mifugo ile ndiyo iliyotulisha. Fisi wakiimaliza, na sisi tumekwisha. Aliyewazuia fisi ni Shabeel peke yake. Mbwa huyo alikuwa akimbwekea hata kaka yangu wa tumbo moja!

Alasiri moja akaja mzee, shuka lake jeupe pe, halina hata chembe ya vumbi. Kwa njia ile? Akatoa salamu, akakaa. Shabeel kimya. Kwetu mgeni haulizwi atokako wala aendako mpaka zipite siku tatu, basi tukampa maziwa. Lakini moyoni nilisema huyu mpelelezi. Wa serikali au wa shifta, hilo ndilo sikulijua.

Kesho yake Shabeel akagoma kula. Nikamwekea maziwa, akageuza uso. Nikamtupia utumbo wa mbuzi. Mbwa gani anakataa utumbo? Alilala ubavu, macho mazito, hata nzi hafukuzi.

"Amekula mzoga mbaya," akasema mama mkwe.

"Na huyu mgeni je, mama?"

"Nyamaza! Mgeni ni wa Mungu."

Sasa mnajua, mbwa kwetu ni najisi. Anatulindia mali, lakini hakuna anayemgusa. Kwa hiyo tulimtazama kwa mbali akizidi kudhoofu. Siku ya tatu huruma ikanishinda. Nikapiga magoti nyuma ya kibanda, nikatia mkono shingoni mwake, chini ya manyoya. Niaminini. Palikuwa na alama za meno. Si za fisi, fisi angeivunja shingo ile. Yalikuwa meno madogo, bapa, ya binadamu, na katikati pengo la jino moja.

Nikanawa mkono mara saba, mara moja kwa udongo. Kisha nikampelekea mgeni kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyoganda. Akang'ata mara moja, akakirudisha sahanini. Nikatazama alipong'ata. Pengo lilikuwa palepale.

"Adeer," nikamwambia, nikimheshimu kama ami yangu, "siku tatu zimetimia. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akatabasamu. "Mwanangu, umemshika mbwa."

Aliniona wapi? Alikuwa ndani muda wote! Akainuka, akatoka bila kuaga.

Nikafuata nyayo zake. Sisi tunazisoma tangu utotoni. Zilifika kwenye kichuguu, na hapo nikakuta viatu vyake vimepangwa vizuri, kama mlangoni mwa msikiti. Kutoka hapo mbele zilikuwa nyayo za fisi.

Jioni ile Shabeel akanywa maziwa. Nilipaswa kwenda boma hadi boma nikitoa habari. Sikwenda. Niliona aibu. Mwanamke amemshika mbwa, kisha amemhoji mgeni mpaka akaondoka, ningeanzia wapi?

Haikupita wiki akaja jirani yetu Halima, mjane, mama wa watoto watatu.

"Walaal, dada yangu, mbwa wangu hali, amelala tu. Wako naye aliugua hivi hivi. Ulimfanyia nini?"

"Mpe maziwa," nikasema.

Fisi waliingia bomani kwake, hakubaki na mbuzi hata mmoja. Alishika njia ya Garissa kwa miguu, mdogo mgongoni, na mpaka leo hakuna aliyeniletea habari zao. Nimeuliza kila msafiri, nimechoka kuuliza.

Basi sikilizeni. Mbwa wako akigoma kula ghafla, usimtazame kwa mbali. Mshike, mpekue mwili mzima. Na ukikuta jambo, mwambie jirani yako siku ileile. Halima aliniuliza mimi kwa kinywa chake, na sikumwambia.