"Aye, Right": Jibu Nililolisafisha

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya unukuzi, Braamfontein, nilipewa visikilizio, kanyagio la kurudisha sauti nyuma kwa mguu, na rekodi ya mzee mmoja Mskoti. Unukuzi ni kuandika maneno yaliyorekodiwa kwenye mashauri na mikutano. Saa nzima ilipita nikiwa bado ukurasa wa kwanza. Kila kitu kwa mzee yule kilikuwa wee, yaani kidogo, na kila sentensi iliishia na ken, yaani unajua.

Mkuu wa Unukuzi, mama wa Soweto asiye na maneno mengi, akaniambia, "Mama Naliaka, hizo ni takataka za ulimi. Safisha."

Kusafisha kulikuwa kuondoa vijazio, yaani maneno ya kujazia mazungumzo, na kusawazisha lahaja. Basi aye ikawa ndiyo, na ken nikaifuta kama nilivyofuta eish, mguno wa mshangao wa wenyeji. Nilisafisha miaka mingi, nikasifiwa.

Kisha nikahamishiwa Midrand, kitengo cha mashauri ya kazi. Huko likaja shauri la Kasongo, fundi wa lifti kutoka Lubumbashi. Lifti ilikuwa imeporomoka orofa mbili, abiria akavunjika mguu, na mwajiri akamfukuza Kasongo kwa uzembe. Shahidi alikuwa mkaguzi, naye Mskoti. Wakili alimwuliza, "Meneja anasema alimletea fundi breki mpya. Alimletea?"

"Aye, right," akajibu.

Nikaandika: ndiyo, ni kweli. Nikatuma.

Lakini sikutulia. Baada ya jibu lile, mtu alisikika akicheka kidogo. Niliinuka, nikachemsha chai, nikaiacha ipoe. Kuna nini cha kuchekesha hapo? Nikairudisha sauti tena na tena. Lile aye lilivutwa, kama sisi tunavyovuta "thubutu".

Asubuhi nikamwendea Mkuu wa Kitengo. "Mkuu, nadhani nimeandika kinyume."

"Alisema ndiyo au hakusema?"

"Alisema. Ila alikuwa anakataa."

"Sisi tunaandika maneno, Mama. Nia si kazi yetu."

"Maneno yenyewe sikuyaandika, Mkuu. Niliyabadilisha."

Mkuu akampigia simu msimamizi wa shauri. Shahidi akaitwa tena, akasomewa jibu lake. Alishangaa. "Kwetu aye, right ni kejeli. Nilisema hakumletea hata skrubu," akasema.

Kasongo alirudishwa kazini. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikalitia sahihi bila kubisha, maana kosa lilikuwa langu.

Sasa nimestaafu, niko Malvern, na kukaa kitako kunanishinda. Ninyi vijana wa unukuzi mna programu inayofuta vijazio kabla hamjasikia chochote. Nawaomba msikilize kwanza.

Watu hunipongeza kwa shauri lile. Mimi nawawaza mashahidi niliowasafisha kabla yake. Kila shauri lilipoisha, rekodi ya sauti ilifutwa. Kilichobaki kwenye faili ni nilichoandika mimi.